Mchora Ramani na Ghorofa Langu

Katika maisha yangu nimeshikwa na polisi bila kosa, nimeibiwa na mashemeji, na mzigo wangu umewahi kukaa mpakani Holili ukinyeshewa mvua siku tatu kwa sababu ya mhuri mmoja. Wote waliohusika nimewasamehe, na wengine nakunywa nao. Mtu aliyenipeleka puta kweli ni mzee mmoja mwembamba, mwenye sweta la kijivu na penseli tano mfukoni, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mtaani kwetu, upande wa Rau, hatumwiti kwa jina. Ni Mchora Ramani, basi. Hata marehemu mkewe alikuwa akimwita hivyo akitaka kumuudhi.

Kabla hajastaafu alikuwa ofisi ya ardhi, chumba cha mwisho kwenye korido, akichora mji. Simaanishi kujenga. Kujenga tumejenga sisi. Yeye alichora mistari na kupaka rangi: njano ni makazi, buluu ni biashara, kijani ni mahali pa watu kupumzika na watoto kucheza. Ukimsikiliza utadhani Moshi yote aliiumba yeye kwa rula, na Mungu akaweka mlima tu kwa nyuma ili pasiwe tupu.

"Mji ni karatasi kwanza," alikuwa akisema. "Matofali ni baadaye."

Nikimwambia kwamba nimekaa mji huu miaka yangu yote na sijawahi kukanyaga karatasi, alinitazama kama mtu anayetazama alama ya kiatu kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Mimi nimeishia darasa la saba, na sifichi. Nilianza na suruali kumi na moja begani, nikipanda nazo mlango kwa mlango mpaka Old Moshi, nikiwauzia watu nguo zilizovaliwa na Wazungu ambao hawatanijua kamwe. Leo nikifungua belo langu la mitumba sokoni, watu wanasubiri foleni. Nimewavalisha madaktari wa mji huu, mapadri, na nusu ya madiwani. Wapo wanaopita na makoti yangu kwenye harusi wakisema yametoka Uingereza, na ni kweli, yalitoka, ila yalipita mkononi mwangu kwanza. Sijaona mtu mwingine aliyejenga ghorofa tatu kwa nguo za watu wengine. Nasema hivi si kwa majivuno, ni ili ujue Mchora Ramani alikuwa anashindana na nani.

Sasa huyu mzee alitembea na futi ya chuma, ile ya kujikunja yenyewe. Asubuhi akitoka kununua maziwa alikuwa anapima. Anapima mtaro, anapima michongoma ya watu, anapima umbali wa choo na kisima. Akimaliza anaandika kwenye kidaftari, halafu anaendelea na safari ya maziwa kana kwamba hajamharibia mtu siku. Mama mmoja anayeuza mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, karibu na kona alitundika ubao wenye picha ya bakuli. Mchora Ramani akapima, akakuta ubao umetokeza barabarani kiganja kimoja. Aliandika pingamizi la kurasa tatu kuhusu kiganja hicho. Alipomaliza kulipeleka ofisini alirudi palepale kwa yule mama, akakaa kwenye benchi, akala bakuli mbili na kusifia ndizi. Yule mama alimuuliza kwa nini anakula kwa mtu anayemshtaki. Akamjibu kwamba mtori hauna kosa, kosa ni la ubao.

Mapingamizi yake yalikuwa maarufu. Aliyaandika kwa mkono, herufi kubwa zilizosimama wima kama zile za kwenye ramani, na chini kabisa nakala kwa kila mtu mwenye kiti cha kuzunguka. Aliipinga baa ya mtaa wa pili, na kila Jumamosi kibuyu chake kilipita mlango wa nyuma wa baa hiyo kikarudi na mbege. Aliupinga hata usharika wake mwenyewe. Kanisa liliomba kujenga vibanda vya maduka upande wa barabarani, na yeye, mzee wa kanisa, akaenda kusimama mbele ya kamati ya mipango miji kueleza kwa nini nyumba ya Bwana isiwe na vibanda. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya utii tangu mwanzo mpaka mwisho. Mchora Ramani alikaa benchi la mbele akitikisa kichwa kwa kukubali, kama vile anayesemwa ni mtu mwingine.

Na huku chumba chake cha mbele, kile chenye dirisha kubwa, alikuwa amempangisha binti wa saluni. Wanawake walisukwa humo kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kwenye kiwanja ambacho kwa karatasi zake ni cha makazi matupu. Nilimuuliza siku moja kama hiyo siyo biashara. Akasema hiyo ni huduma. Biashara ni pale penye ubao.

Ningeweza kuishia hapo na ungemjua vya kutosha kumcheka. Lakini sitakuwa mkweli nisiposema habari ya msiba. Mama yangu alipofariki tulimzika kihambani kwetu, shamba la ukoo, Old Moshi juu, mahali ambapo njia ni nyembamba, upande mmoja migomba na upande mwingine mfereji. Nilitarajia magari mengi, maana mimi najulikana. Asubuhi ya mazishi nikamkuta Mchora Ramani amefika kabla ya ndugu zangu, amepanda kwa miguu, mkononi ana karatasi. Alikuwa ameuchora msiba mzima. Magari ya wazee hapa, ya wageni wa Dar kule shuleni, basi la kwaya ligeuzie kwa jirani mwenye uwanja. Akasimama njia panda na sweta lake mpaka jioni, akielekeza madereva kwa penseli. Hakuna gari hata moja lililoingia mferejini. Nimehudhuria misiba ya watu wakubwa kuliko mama yangu ambapo magari yalibebana kama kuku. Yeye alikula wa mwisho, akaniambia poleni sana, halafu akaniambia turubai la akina mama liliwekwa vibaya.

Ndiyo maana niliponunua kiwanja cha jirani yake sikuogopa. Nilikinunua kwa mtu aliyekuwa bosi wake ofisini zamani, ambaye alikuwa anahamia kwa wanawe. Viwanja viko vitatu vimepangana pale: cha kwanza kina sehemu ya kuoshea magari, cha pili ndicho changu, cha tatu cha Mchora Ramani na nyumba yake ya vigae. Nilijenga msingi, nikajenga ghorofa ya chini, nikatoa nguzo za kwenda juu, ndipo nikaenda kuomba kiwanja kibadilishwe kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Najua utaratibu unasema uanze na ombi. Ukianza na ombi katika nchi hii, utazikwa na karatasi mkononi.

Sheria inataka uweke tangazo kwenye kiwanja ili mwenye pingamizi aseme. Mimi nilitengeneza bango la kueleweka, limesimama kwa miguu ya chuma, herufi za dhahabu. Mchora Ramani alitoka na futi yake, akalipima bango. Akaandika kwamba bango lenyewe linahitaji kibali. Hilo lilikuwa pingamizi la kwanza. La pili lilihusu ghorofa. Baada ya wiki mbili watu wa halmashauri walikuja na kopo la rangi nyekundu wakanichorea alama ya X kwenye ukuta wa mbele, na chini yake neno moja: BOMOA. Kila aliyekuwa ananionea wivu mji huu alipata shughuli ya kupita Rau siku hiyo.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Kamati ikikubali ombi langu, ile X inafutwa na napandisha. Ikikataa, kila nilichovuna tangu zile suruali kumi na moja kinaangushwa kwa katapila mbele ya mama mtori.

Nimekaa mbele ya kamati nyingi. Za harusi, za msiba, za kipaimara. Hakuna kamati inayojua kuahirisha kama hii. Mara ya kwanza akidi haikutimia. Mara ya pili ilitimia lakini jalada halikuonekana. Mara ya tatu walikuja kukagua eneo, wakalizunguka ghorofa langu mikono nyuma kama watu wanaochagua ng'ombe, wakanywa soda zangu, wakasema wameona. Mara ya nne waliahirisha ili wajadili walichokiona. Mwenyekiti wao alikuwa diwani mmoja mwenye sauti ya besi, ambaye kila mtu mjini alijua kwamba ile sehemu ya kuoshea magari ni ya shemeji yake, na kwamba kiwanja kile kilibadilishwa matumizi mwaka uliotangulia bila bango, bila kelele na bila kikao nilichosikia mimi. Mchora Ramani alikuwa amekipinga nacho. Pingamizi lile halikusomwa.

Mara ya tano wakatuita wote wawili. Chumba kidogo, meza ndefu, chupa ya chai, maandazi yamefunikwa kwa kitambaa. Mchora Ramani alisoma kurasa zake amesimama, polepole, huku mwenyekiti akitazama saa. Alipomaliza, Afisa Mipango Miji, binti mmoja mwenye adabu na kompyuta, akasema kwenye mfumo kila kitu kiko sawa: viwanja vitatu, vyote njano kwenye ramani ya asili, mipaka inaonekana.

Mchora Ramani akasema mfumo umepiga picha ya karatasi tu. Iletwe karatasi yenyewe.

Walinung'unika, lakini yule binti akaenda. Akarudi na bomba refu lenye vumbi la siku nyingi, akatoa ramani, akaitandaza. Karatasi iliyozoea kulala imejikunja haikubali kunyooshwa. Akaweka chupa ya chai upande mmoja, upande wa pili ukaruka. Akaomba mtu amsaidie kushika. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Nikaondoa chupa, nikashika pembe mbili za juu, nikainua.

Hapa lazima nieleze kitu. Mtu wa mitumba ana ugonjwa mmoja. Ukimpa kitambaa, kabla hajajua ni nini, mikono yake imeshakipeleka kwenye mwanga. Suruali inaweza kupigwa pasi ikang'aa kumbe makalio yameisha. Ikiwa mezani huoni. Ukiinyanyua dirishani tu, pale palipolika panapitisha jua. Nimefanya hivyo kwa nguo nyingi kuliko nywele zangu. Siku hiyo nikafanya hivyo kwa mji wa Moshi.

Karatasi yote ilikuwa nzito, rangi ya maziwa. Ila pale kwetu, penye viwanja vitatu, paling'aa kama goti la suruali ya fundi. Mstatili mmoja mrefu ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe, taratibu, na mtu mwenye mkono mzuri, halafu viwanja vikachorwa juu yake na kupakwa njano. Kwenye ukingo mmoja wembe haukufika vizuri. Palibaki rangi ya zamani, nyembamba kama uzi. Kijani.

Niliishusha. Nikageuka, nikakuta Mchora Ramani haitazami ramani. Ananitazama mimi.

Mwenyekiti akasema tupumzike dakika kumi. Tukatoka nje, mimi na mzee, tukasimama karibu na bomba la maji. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Miaka yote ile ananipimia mtaro, kumbe nyumba yake mwenyewe imekaa juu ya uwanja wa watoto, na aliyeufuta ni yeye. Nikaona ameisha. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimekaa hapohapo.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mzee."

"Sasa?"

"Sasa tunyamaze wote wawili. Wewe una nyumba, mimi nina ghorofa. Ondoa pingamizi, na chumba kimoja cha chini nitakupa uweke ile saluni, uishi kwa amani."

Aliangalia maji yanavyodondoka. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la saba, anajua. Akasema la saba linatosha kuelewa hiki atakachosema, kwa hiyo nisije nikasema baadaye kwamba sikuelewa. Akaingia ndani kabla yangu.

Hakukaa. Aliwaambia kwamba pale palipopakwa njano palikuwa kijani. Bosi wake alimwamuru akwangue, naye akakwangua, kwa wembe, kwa mchana mmoja. Kiwanja kimoja akachukua bosi, kimoja akampa rafiki yake ambaye baadaye alikiuza, na kimoja akapewa yeye ili afunge mdomo.

"Nimelala humo miaka yote hii na mdomo umefungwa," alisema. "Nilijidanganya kwamba nyumba yenye bustani ni kosa dogo, siku moja linaweza kurekebishwa. Ghorofa la maduka haliwezi kukwanguliwa. Vunjeni langu kwanza, mkitaka. Halafu na haya mengine."

Kila mtu kwenye kamati alitazama andazi lake. Nilimwona mwenyekiti akihesabu kichwani: kiwanja cha tatu cha mzee, cha pili changu, cha kwanza cha shemeji. Uso wake ukapata huruma ghafla. Akasema mzee wetu ameutumikia mji huu vizuri sana, na sote tutafika umri huo. Akasema uzee una mambo yake. Wengine wakashika hapohapo kama watu waliorushiwa kamba mtoni: ni kweli, mzee amechoka, apewe chai. Mchora Ramani akawaambia ramani iko mezani, waishike dirishani.

Hakuna aliyeigusa. Mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyeinyanyua. Uliona chochote?"

Nimeshasema mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na mtu wa namna hiyo anajua bei ya kila kitu alichonacho. Niliiona ile X nyekundu. Nikaona katapila.

"Karatasi imechakaa tu, mheshimiwa," nikasema. "Ya siku nyingi."

Kamati iliyoniahirisha mara nne ilimaliza shauri langu kabla chai haijapoa. Kwenye muhtasari waliandika kwamba maelezo ya mzee yalipokelewa na hayakuweza kuthibitishwa. Yule binti alikunja ramani bila kumtazama mtu yeyote. Mchora Ramani alichukua kurasa zake, akazipanga zilingane pembe kwa pembe, akatoka.

Ghorofa langu lilisimama. Ukipita njia ya Rau hulikosi: vioo vya buluu, maduka chini, ofisi katikati, vyumba vya wageni juu. Watu wanapiga picha mbele yake. Kwenye baraza la Mchora Ramani, pale alipokuwa akikaa kutazama Kibo asubuhi kabla mawingu hayajashuka, sasa anatazama madirisha ya bafu zangu. Kwa kivuli cha ghorofa, nguo zake hazikauki mpaka saa nane mchana. Binti wa saluni alihamia kwangu, chini, kwenye kona. Nilimwekea na ubao.

Mzee wakamfanya kichaa. Hakuna aliyesema kwa ubaya, ndivyo mji unavyofanya kazi hiyo. Ilitosha neno la kikaoni kutoka nje kwamba mzee amechanganyikiwa, anajishtaki makosa ambayo hayapo. Alipopeleka pingamizi, pale mapokezi walilipokea kwa mikono miwili na tabasamu, wakamwambia asante babu, na likaenda kufungia vitumbua. Kanisani wakampumzisha uzee wa kanisa kwa zawadi ya blanketi. Mama mtori alianza kumkatia nyama vipande vidogo kama mtoto. Naye hakuwasaidia. Alimwita fundi akabomoa uzio wake wote wa mbele, akang'oa michongoma, akang'oa na maua ya marehemu mkewe, akasawazisha. Akachora mistari ya chokaa kwa kamba na futi, ikanyooka kuliko barabara yetu. Sasa watoto wakitoka shule wanacheza mpira pale mbele ya baraza lake, na ukuta wangu ndio nyuma ya goli. Watu walisema basi imethibitika, mwenye akili zake habomoi uzio wake mwenyewe.

Miezi michache iliyopita alifika mwanawe wa kike kutoka Dar. Alikuwa amepigiwa simu na wasamaria. Alikuja kumchukua. Nyumba ingefungwa, kisha iuzwe. Niseme kweli yote: ghorofa langu halina maegesho, na nilishaanza kukipima kile kiwanja kwa macho.

Alinifuata dukani, akanisalimia kwa heshima, akaniomba niende naye. Nilimkuta Mchora Ramani barazani, begi dogo miguuni, amevaa lile sweta. Hakuwa anagomba. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Kaka, wewe ndiye jirani yake wa karibu," yule dada akasema. "Kila mtu ananiambia lake. Niambie wewe. Baba yuko sawa?"

Ningesema hayuko sawa, jioni ile angekuwa amekwenda. Neno moja tu, na wala nisingekuwa wa kwanza kulisema. Mzee hakuniangalia kwa kuomba. Aliniangalia kama siku ile ya ramani.

"Baba yako ni mzima kuliko kamati yote," nikasema. "Alichosema kule kikaoni ni kweli. Mimi niliishika ile karatasi. Niliona."

Nadhani yule dada alikuwa amejiandaa kwa majibu yote isipokuwa hilo.

"Basi kaseme kule," akaniambia. "Kama uliona, twende sasa hivi, ukaseme."

Nilifungua mdomo. Nyuma yake niliona madirisha yangu, mapazia ya vyumba vya wageni, nguo za kitandani zimeanikwa juu ya paa.

"Mwache," Mchora Ramani akasema. "Amesema hapa. Hiyo ndiyo nguvu yake yote."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliinuka, akachukua begi lake, akalirudisha chumbani, na kesho yake binti yake alipanda basi peke yake.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijafungua maduka, napita kwenye ule uwanja wake. Namwamkia shikamoo kwa sauti kubwa, makusudi, wapangaji wangu wasikie na wapita njia wasikie, wajue huyu ni mtu wa kuamkiwa. Anaitikia marahaba. Halafu ananiuliza neno moja, bila ugomvi, kama mtu anayeulizia basi.

"Leo?"

"Bado, mzee," namwambia, na naenda kufungua.